Tone la Maji Juu ya Shuka Jeupe

Majirani walimwita Bi Vidole, maana vidole vyake havikuwahi kumaliza wiki vikiwa na rangi moja. Kwangu ni mama mdogo, na kusema kweli sijaona mbishi kama yeye. Aliacha kazi ya kutia nguo rangi kiwandani, akapanga mapipa yake uani, akaapa hatainamia tena pipa la mtu. Ndipo muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi akamletea mzigo wa kwanza wa maana: mashuka mapya, yatiwe rangi ya kijani.

"Nikiona baka hata moja, kazi zangu zote nazipeleka kiwandani," alisema muuguzi.

"Hutaliona," akajibu mama mdogo. Alijua mzigo ule ukiharibika, na yeye atarudi huko huko.

Kitambaa kipya huja na wanga uliotiwa wakati wa kufumwa, na wanga huzuia rangi isipenye. Kwa hiyo kwanza huchemshwa kwa sabuni na magadi. Mama mdogo akatoka kwenda kununua magadi. Baba mdogo, mumewe, mtu mwema asiyejua kukaa bure, akayaona mashuka meupe pe, akaona kuchemsha kitu safi ni kumaliza kuni bure. Akayatumbukiza kwenye rangi.

Mama mdogo aliporudi, yalikuwa yananing'inia kambani, mabaka matupu, kama ukuta uliovujiwa na mvua.

"Yalikuwa safi, mke wangu! Meupe kabisa!"

Nilimwonea huruma baba mdogo, ingawa si sana.

"Koka moto," mama mdogo akamwambia. "Na wewe," akanigeukia mimi, "niletee ile dawa ya kuvua rangi."

Tuliyachemsha mpaka yakapauka, tukasuuza, tukachemsha tena kwa magadi. Kila mara alinyoosha pembe ya shuka akadondosha tone la maji. Likituama juu kama shanga, anasema, "Bado. Rudisha." Mikono ikatuwaka, baba mdogo akalalamikia mgongo. "Bado." Mpaka tone lilipogusa kitambaa likanywewa papo hapo. Hapo ndipo alipofungua kopo la rangi.

Muuguzi alikagua shuka moja moja, akasugua kwa leso nyeupe iliyoloa. Leso ikabaki nyeupe.

"Nitaleta na mapazia," akasema.

Shuka moja mama mdogo alikuwa amelibakiza na mabaka yake, akanunua jingine badala yake. Lile la mabaka akamshonea mumewe shati. Siku hizi wanaokuja kujifunza wakiuliza kwa nini wachemshe kitambaa cheupe, yeye huita tu, "Baba watoto, hebu simama wakuone."

Naye husimama, hugeuka mbele na nyuma, kisha husema, "Lilikuwa jeupe kabisa."