Wadudu Waliokwisha Kukua

Mimi ni mtu wa aibu, kwa hiyo naandika haya ambayo kuyasema siwezi.

Kwetu Izigo, bibi yangu hutibu vidonda kwa majani machungu ya omubilizi. Majirani wengine humcheka. Mtafiti mmoja wa Bukoba alipochukua majani hayo, akasema atapima maji yake kama yanaua wadudu na kama yanazuia saratani, niliapa kwamba bibi hatachekwa tena.

Wiki iliyofuata nilimpigia mtafiti simu kumuuliza kama ameanza.

"Bado, dada," alisema. "Wadudu wetu hawajakua."

Nikaona hilo ni jambo dogo. Jikoni kwetu mende waliokwisha kukua wamejaa tele. Niliwakamata, nikawatia kwenye kopo la maziwa. Kabla ya safari ya Bukoba niliwamwagia maji ya omubilizi ili nione kama watakufa. Waliogelea, wakatoka wamenawiri. Nikafikiria uso wa bibi. Basi nikawaachilia wenye nguvu, nikabakiza wanyonge, na waliokuwa wazima kidogo nikawavunja miguu.

Maabarani nilimkabidhi mtafiti kopo mbele ya wanafunzi wake. "Kazi ianze," nilisema. "Hawa wamekua."

Alifungua. Mende mmoja akapanda polepole kwenye koti lake jeupe. Wanafunzi walicheka mpaka wakashika meza.

"Dada yangu, wadudu wetu ni bakteria," alisema kwa upole. "Hawaonekani kwa macho."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Lakini hebu niambie, mbona hawa wote wanachechemea?"