Puli Iliyochongwa Musonoi

Puli ile ilitugharimu dola mia mbili na kumi, ukijumlisha fundi na lori la kutuvuta, moteri nzima, chupa nne za mawese, na mama mkubwa mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu. Mara ya kwanza nilisahau mawese.

Gari yenyewe ni Coccinelle, ile ndogo yenye mgongo wa kobe, ambayo moteri yake iko nyuma na haina maji wala radiateri. Hupozwa na upepo tu. Baba aliinunua alipokuwa karani wa mgodi, na alipokufa akatuachia gari hiyo, viti vinne, saa ya ukutani isiyotembea, na mama. Bei ya viti naijua. Gari sikuwahi kuiuza, na wala si kwa mapenzi: ni kwa sababu ya nyonga ya mama. Mama hawezi kupanda lori, hawezi kukaa juu ya pikipiki, na jeep inataka watu wawili wa kumsukuma na mmoja wa kumwomba radhi. Lakini kiti cha Coccinelle kiko chini. Anageuka, anashusha makalio kwanza, anaingiza mguu huu, kisha ule, halafu anasema, "Tuende." Mama alikuwa na gari moja tu duniani.

Mvua zilipoanza kupungua, simu ikalia kwetu Kolwezi kutoka Mutshatsha, mji mdogo upande wa magharibi. Mama mkubwa, dada yake mama, hali haikuwa nzuri. Huyo ndiye aliyembeba mama mgongoni nyanya yangu alipokufa, akambeba mpaka alipojua kutembea na, mama husema, hata baada ya hapo. Aliolewa na mtu wa reli. Akakaa Mutshatsha wakati treni zilipopita kila siku, akaendelea kukaa zilipoanza kupita siku zinapojisikia.

Aliyepiga simu alikuwa binti yake. "Yaya, mama hakuli tena," aliniambia. Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. "Anauliza tu mudogo wake. Anasema: aye nimuone, njo nilale." Aje amwone, ndipo alale.

Mama hakulia. Alinituma sokoni kununua makayabu, wale samaki wa chumvi.

"Mama, mgonjwa hakuli," nilimwambia.

"Hakuli juu hawajamuletea kitu anapenda. Enda. Na usibishane bei."

Nilibishana kidogo tu, kwa heshima ya mgonjwa.

Gari haikuwa tayari. Ilikuwa ikipiga kelele ya mbuzi kila nilipokanyaga mafuta, na jirani yangu, fundi anayetengeneza magari chini ya bati mtaani kwetu, aliinama nyuma yake akatazama kwa muda mrefu. Fundi akitazama kwa muda mrefu, mfuko wako huanza kusikia baridi. Akaniita nione. Chini kabisa ya moteri kuna gurudumu la chuma, puli, limefungwa kwenye ncha ya vilibrekini, ule mti wa chuma unaozungushwa na pistoni. Puli ndiyo inayovuta kuruwa, mkanda wa mpira, na kuruwa ndiyo inayozungusha feni. Puli yetu ilikuwa imepasuka ukingo na ilikuwa ikicheza kama jino la mtoto.

"Ikitupa kuruwa mu njia, feni inasimama," fundi alisema. "Feni ikisimama, unapika moteri. Haina mai ya kukuombea."

"Na Mutshatsha?"

"Mutshatsha na hii? Utafika na miguu. Wewe. Mama hapana."

Nilitafuta puli. Mtu wa Lubumbashi alisema anaweza kuagiza, ingefika baada ya wiki tatu, Mungu akipenda, na kwa bei ile ilionekana Mungu mwenyewe alikuwa na fungu lake. Binti wa mama mkubwa alipiga tena: sasa mgonjwa anakunywa uji kwa kijiko. Wiki tatu hazikuwepo. Fundi akasema, kule Musonoi yuko turneri, mzee anayechonga chuma kwa mashine, aliyestaafu kwenye karakana ya mgodi. Akaifungua puli ya zamani. Ilikataa kutoka, akaivuta, ikakataa, akaigonga, ikatoka vipande viwili. Tukavifunga kwenye gazeti kama nyama, tukaenda.

Mzee alitupokea akiwa amevaa koti la buluu la kazi, limeshonwa viraka kwa uzi mwekundu. Aliviunganisha vile vipande mkononi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya Coccinelle, tata," nilijibu; tata kwetu ni baba.

Akacheka. "Kumbe uko unaendesha marehemu."

"Marehemu anakula mafuta kila siku, tata. Sema bei."

"Dola makumi munane."

"Kwa makumi munane nitapata mutu wa kuizungusha na mukono mpaka Mutshatsha."

"Umuite, basi. Mi nitamuchongea kishikio."

Nilimpenda palepale, na kwangu hiyo ni hasara. Tulipanda, tukashuka. Kisha akagusa shingo ya puli, pale inapoingia ndani ya moteri. Kwenye shingo hiyo kuna mfereji mwembamba unaozunguka kama nyoka kwenye mti. Wetu ulikuwa umeliwa na mavumbi mekundu ya miaka yote, umebaki kivuli. "Bila huu mufereji, makumi ine na tano," alisema. "Na mufereji, makumi sita."

"Unafanya kazi gani, huo mufereji?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Njo unachungaka mafuta ya moteri isitoke inje. Haina joint pale, ule mupira wa kuziba. Ni mufereji tu."

Siku nyingine ningesema shingo laini inatosha, nikaokoa kumi na tano. Lakini akilini nilimwona mama kule nyumbani, ameketi na kapu la makayabu magotini, nikasema, "Weka mufereji, tata." Sikuwa nimewahi kulipa bei ya juu bila kubishana. Nilisikia kama nimevua shati sokoni.

Mzee alipitisha ukucha juu ya kile kivuli. "Haisomeke tena," alisema. "Lakini mi najua."

Hakuna aliyemuuliza anajua nini.

Kuranti, yaani umeme, ilikatika siku ile, ikarudi kesho yake jioni, ikakatika tena mashine ikiwa katikati ya chuma. Mzee alilala karibu na mashine yake ili kuranti ikirudi imkute. Puli ilipotoka ilikuwa inang'aa. Ukiishika ungeweza kuona meno yako. Mfereji ulikuwa umekatwa safi kama herufi za mwalimu. Nilimlipa noti kwa noti, naye akahesabu mara mbili, nikajua nimekutana na ndugu.

Fundi aliifunga asubuhi. Alisafisha ncha ya vilibrekini, akaweka kile kipande kidogo cha chuma kinachozuia puli isiteleze, akaisukuma puli mpaka mwisho, akakaza buloni kwa ufunguo uliorefushwa na bomba. Kuruwa juu. Moteri ikawaka. Kelele ya mbuzi iliisha, ikabaki ile sauti ya cherehani ambayo baba aliisikiliza dirishani Jumapili. Tuliiacha ikinguruma polepole, fundi akaingiza kidole chini. Tone moja.

"Ni kitu?" niliuliza.

"Coccinelle isiyotoka hata tone, ujue ndani hakuna kitu. Enda umuone mama yenu mukubwa."

Mama aligeuka, akashusha makalio, mguu huu, mguu ule. Kapu magotini. Kitenge kipya. "Tuende."

Mpaka tunatoka mjini nilikuwa mtu mwenye furaha, nasema hivyo kwa sababu furaha hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Barabara ya magharibi ilikuwa nyekundu na kavu, malori ya makaa yalitupita yakituachia wingu, na mama alikuwa akisimulia jinsi yaya wake alivyomfundisha kuiba mahindi bila kuvunja bua. Nikakanyaga mafuta. Nilitaka tufike mchana. Moteri ilipiga mbio, na nyuma yetu, bila sisi kujua, puli nayo ikapiga mbio.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha moshi wa buluu. Nikasimama, nikafungua nyuma: mafuta kila mahali, juu ya kuruwa, juu ya chuma, yanachuruzika barabarani. Nikavuta kijiti cha kupimia. Kikavu. Nilikifuta, nikapima mara ya pili, maana ndivyo nilivyo. Kikavu vilevile.

Nilikuwa na lita mbili za akiba. Nikamimina, nikakaza kila kilichokazika, tukaenda polepole. Polepole ilisaidia kidogo. Mlima mmoja ukamaliza yote. Wasukuma baiskeli za makaa walikuwa wakija upande wetu, mmoja akaniuzia nusu lita ya mafuta meusi aliyobeba kwa ajili ya mnyororo. Bei yake ilikuwa ya wizi. Sikubishana. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Hayo nayo yalipokwisha, mama alisema, "Pale kuna mama anauzisha mawese."

"Mama, ile ni ya kupikia sombe."

"Mafuta ni mafuta. Weka."

Nilinunua chupa zote nne. Moteri ya baba ilikunywa mawese kando ya barabara, mama akishika kifuniko, muuzaji akiuliza kama na chumvi tunataka. Tukasonga. Harufu ilikuwa ya jikoni kwetu siku ya sikukuu. Mama alianza kucheka, nami nikacheka, na tulikuwa bado tukicheka moteri ilipotoa sauti kama mlango wa chuma unaofungwa, magurudumu ya nyuma yakakamata, gari ikaburuta kidogo na kusimama.

Zilibaki kama kilomita ishirini. Mama hawezi kutembea hata moja.

Malori mawili yalisimama. Watu wema. Wa kwanza walijaribu kumwinua, mama akapiga kelele kwa maumivu, wakamrudisha kwenye kiti chake. Wa pili walitazama tu urefu wa lori, wakatazama mama, wakavua kofia. Simu haikuwa na mtandao. Nilipanda juu ya kichuguu kikubwa kando ya barabara, huko wote hupanda kutafuta mtandao, na ujumbe ukaingia kabla sijapiga. Binti wa mama mkubwa. Amelala. Aliuliza kama gari imefika, wakamwambia iko njiani.

Nilishuka polepole. Mama alikuwa akinitazama kupitia kioo.

"Ilibakia ngapi?" aliuliza.

"Makumi mbili, mama."

"Uhesabu tena."

"Makumi mbili."

Hapo ndipo alipolia. Alilia akiwa ndani ya kiti, mlango wazi, miguu barabarani, akimwita yaya wake kwa jina lake la utotoni. Na wasukuma baiskeli za makaa waliokuwa wakipita, waliposikia kilio hicho, mmoja mmoja waliegemeza mizigo yao kwenye miti, wakaja wakaketi chini kwenye vumbi, kama inavyopasa. Hawakumjua marehemu. Matanga ni matanga. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho akakiweka juu ya boneti ya Coccinelle, noti ndogo nyeusi za makaa, na jiwe juu ili upepo usizichukue. Zile noti sikuzihesabu. Baadaye zililipa sehemu ya lori lililotuvuta kurudi Kolwezi, mama akiwa amekaa kwenye kiti chake kilekile, uso kwa uso na matako ya lori.

Mzee wa Musonoi alisikia, akaja kutoa pole. Alileta sukari, akaketi chini pamoja nasi. Alipomaliza kusali nilimwekea puli yake mkononi. Fundi alikuwa ameshaifungua. Mzee aliifuta kwa koti, akaweka ukucha kwenye mfereji, akaanza kuizungusha kwa upande ule ambao moteri huzunguka. Ukucha ukasafiri, polepole, kutoka ndani kuja nje. Akazungusha tena. Ukatoka tena, pale ulipopaswa kuingia.

"Mm," alisema.

"Mm nini, tata?"

"Inatoa inje." Akaiweka puli magotini. "Mwana, mi nilitumikaka mu pompe za carrière, ile shimo ya mugodi, tangu kijana. Mai inaingia mu shimo, siye tunatoa. Inaingia, tunatoa. Hakuna siku moya chef alisema: rudisha ndani."

Kutoka mlangoni mama alisema, "Na yetu ulitoa muzuri sana, tata."

Mzee aliinamisha kichwa. Ningetaka kumkasirikia, lakini sikupata pa kuanzia. Ile shingo laini ya dola arobaini na tano ingevuja kidogo, fundi anasema, ingevuja mpaka Mutshatsha na kurudi. Nililipa kumi na tano zaidi ili pompe ya mgodi iniondolee mafuta.

Sasa mambo yako hivi. Mzee amesema atanichongea nyingine, upande wa kweli, bure, na ninamwamini. Lakini puli nzuri kwenye vilibrekini iliyokamata ni kofia juu ya maiti. Jeep za kukodi zinasubiri watu wa kompani, bei yao ni bei ya kobalti, na bado zinataka wale watu wawili na mmoja wa kuomba radhi. Siku ya kuondoa matanga kule Mutshatsha imeshapangwa, na mama anasema dada yake hataondolewa matanga yeye akiwa hayupo. Kapu la makayabu bado liko kwenye kiti cha mbele. Hataki litolewe. Gari inanuka mtaa mzima, na hakuna jirani aliyethubutu kusema.

Wewe unayesoma, kama unajua moteri hizi: vilibrekini iliyokamata kwa mawese, inafunguka? Na kama haifunguki, mwanamke anayeweza kukaa kwenye kiti kimoja tu duniani, anafikishwaje Mutshatsha, pamoja na kilomita zile ishirini? Nishauri. Ila tafadhali, uanze na bei ya mwisho. Ya kwanza sina nguvu nayo tena.