Shimo la saba lililochongwa asubuhi

"Huu ni wa arobaini na nne, Baba Isack! Njoo uhesabu mwenyewe!"

"Mama Gladness, nimeshakuambia, hao ni watu hawajui kupiga. Shimo halina kosa."

"Halina kosa? Kuku wangu analalia mipira miwili wiki ya tatu sasa, anasubiri itotoe. Kamwambie yeye kwamba halina kosa!"

Ni saa kumi jioni, juu kidogo ya Kwa Sadala, wilayani Hai. Theopista Massawe, ambaye majirani wote humwita Mama Gladness, amesimama ndani ya ua wake wa mimea ya masale, ndoo ya mipira ya gofu mkononi. Ng'ambo ya ua yuko Eliakim Mlay (59), huyo Baba Isack, fimbo ya gofu begani kama mtu anayetoka kulima.

Huu ni mwezi wa nane wanabishana. Wapo wanaochelewesha makusudi maziwa ya jioni ili wapite hapa wasikie, na leo wamejaa kwelikweli, vidumu chini, mikono kiunoni. Maana leo kuna jipya: Mlay amekubali kupiga shimo hilo yeye mwenyewe, jioni, mwenye ua akimwangalia.

Kiwanja hiki cha gofu cha mashimo tisa kilikuwa shamba la kahawa. Mtaalamu aliyekichora alikuja mara mbili tu, na safari ya pili aliacha shimo la saba likiwa doa jeupe kwenye karatasi.

"Akaniambia, hili chora wewe, unaijua ardhi yako," anasema Mlay, ambaye kabla ya hapo aliendesha tingatinga la barabara miaka ishirini. "Sikulala kwa furaha. Mtu wa darasa la saba, naambiwa nichore!"

Kwa ujira wa Sh18,000 kwa siku, alilichonga shimo hilo kama mtu anayejenga nyumba yake. Ujanja wake ulikuwa huu: unaupiga mpira kuelekea kwenye ua wa Mama Gladness, halafu upepo unaoshuka mlimani unaurudisha taratibu katikati ya nyasi. Wachezaji wakaliita Shimo la Mlay. Leo ndiye mkuu wa watunza kiwanja, na kila Jumatatu asubuhi, wafanyakazi wanaporuhusiwa kucheza, hulipiga kwa fimbo kuukuu alizopewa na wanachama wa klabu. Hajawahi kupoteza mpira hapo.

Lakini Jumamosi kamati inakaa kuamua kama shimo hilo lifungwe. Siku hiyohiyo anakuja mgeni kutoka Babati, anayetafuta mtu wa kumchorea kiwanja cha mashimo sita. Ametajiwa jina la Mlay. Itakuwa kazi yake ya kwanza, ya kwake kuanzia karatasi hadi nyasi.

"Sasa fikiria," anasema kwa sauti ya chini, "mgeni anafika, anakuta wanalifukia."

Anaweka mpira. Anapiga. Mpira unapaa vizuri, unaelekea uani kama ulivyopangiwa, na watu wanasubiri urudi. Haurudi. Bati la banda la kuku linalia pa!

"Arobaini na tano," anasema Mama Gladness.

"Mkono umeteleza."

"Pangusa, basi, upige tena."

Anapangusa mkono kwenye suruali, anapiga tena. Mpira unapita juu ya masale, unatua kwenye maharage.

"Arobaini na sita. Umeteleza tena?"

Watu wanacheka. Mlay hacheki. Anaitazama migomba ya jirani yake: majani yote yameinamia upande mmoja, yanaelekea mlimani. Upepo unapanda kutoka tambarare.

"Tangu lini upepo huu?" anauliza.

"Tangu tuzaliwe!" Mama Gladness anaweka ndoo chini. "Baba Isack, miaka miwili ulichonga hapa. Ikifika saa sita unakimbia kukatia ng'ombe majani. Jioni hapa nani alikuwepo? Mimi na kuku wangu. Na hao wanachama wako wanatoka kazini saa ngapi? Jioni!"

Mlay anaitazama tena migomba.

"Ni kweli," anasema. Kisha anawageukia watu, na kwa sauti ambayo hata wa mwisho anaisikia, anasema: "Jamani, shimo lina kosa. Na kosa ni langu, si la wapigaji."

Halafu anashuka, anahesabu hatua thelathini upande wa chini, anaugeuzia ua mgongo nusu, anapiga. Mpira unayumba kidogo na kutulia katikati ya nyasi. Anachomeka fimbo pale aliposimama. Kijukwaa cha kupigia mpira wa kwanza kitahamia hapo. Anakadiria wiki nne za jembe na toroli, na atazifanya mwenyewe.

Na mgeni wa Babati?

"Nitamwambia kabla hajauliza. Akiondoka, ameondoka. Akinichukua, nitakaa kule mwezi mzima, asubuhi hadi jioni, kabla sijachomeka hata kigingi kimoja. Majani ya ng'ombe Elinipendo atanisaidia." Elinipendo ni mkewe. Yuko hapohapo kwenye umati, na anajibu kwamba hiyo ahadi ndiyo kwanza anaisikia.

Jua limeshuka nyuma ya migomba, na harufu ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, inatoka jikoni kwa Mama Gladness. Mlay anasogea mpaka kwenye ua, kofia mkononi.

"Mama Gladness, hiyo mipira..."

"Achana nayo." Mama Gladness anafungua kijigeti cha mabanzi. "Arobaini na sita imeingia hapa bila hodi. Wewe mwaka mzima hujakanyaga. Mlete na Elinipendo. Ingieni tule."