Dakika Kumi za Darajani

Siku ile ilianza kwa kufua. Tulikuwa mashariki ya Kongo, askari wa kulinda amani, na jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya wiki nzima. Nguo zetu zilijaa kwenye uzio wa seng'enge. Daudi, askari mwenzangu kutoka Ikinga, alikuwa anachambua maharage na kumbishia kila mtu kwamba ya kwao Ileje huiva upesi zaidi. Luteni Obeid alipita, akacheka na sisi. Wote walisimama kwa heshima. Mimi nilisimama mwisho.

Obeid na mimi tulikaa dawati moja shuleni Ihanda. Siku moja mwalimu wa historia alitueleza habari za Roma ya kale, kwamba kulikuwa na watu wa tabaka la wapanda farasi, wasiotoka kwenye koo kubwa za watawala. Mtu wa namna hiyo aliweza kuanza kwa kuongoza kikosi, akapewa kusimamia mapato ya dola, na mwisho akakabidhiwa jimbo zima alitawale. Obeid aliuliza maswali mpaka kengele ikagongwa. Njiani, tukipita kwenye mibuni ya baba yake, akaniambia, "Na mimi nitaanzia jeshini."

Nilicheka. Miaka ikapita, tukaingia jeshini wote wawili. Yeye alipelekwa chuo cha maofisa, mimi niliishia ukoplo. Nikawa nampigia saluti mtu ambaye nilikuwa namfundisha hesabu. Wivu wangu haukuwa na kelele. Nilikula nao, nikalala nao.

Mchana ule nilitumwa kulinda daraja, nikiwa na Daudi na askari wengine wanne. Redio ya upepo nilikuwa nayo mimi. Wanakijiji walivuka wakikimbilia kambini, wamebeba magodoro na kuku. Alipovuka mtu wa mwisho, Obeid akaita redioni.

"Koplo, waasi wanasogea na makombora. Rudini kambini sasa hivi."

"Nimepokea, afande."

Nilisikia vizuri kabisa. Lakini niliwaza: tukirudi, taarifa itasema Luteni Obeid ameokoa kijiji. Tukikaa kidogo, tukawarudisha nyuma waasi wa kwanza, jina litakuwa langu.

"Anasemaje?" Daudi aliuliza.

"Tusubiri."

Tulisubiri dakika kumi.

Kombora la kwanza liliangukia mtoni.

La pili lilipiga ukingo wa daraja.

Daudi alikuwa upande ule.

Nilimvuta kwa mikanda ya begi lake mpaka nyuma ya mawe. Nilimwita. Hakuitika.

Taarifa ya tukio aliiandika Obeid. Iliandikwa kwamba mawasiliano ya redio yalikatika, amri haikutufikia. Niliisoma, nikanyamaza. Badala ya kumshukuru, nilizidi kumchukia.

Niliacha jeshi, nikarudi kuziba pancha za malori Mpemba, kando ya barabara kuu. Obeid alipanda cheo, kisha akahamishiwa forodha, hapa hapa mpakani Tunduma. Madereva wa Zambia walikaa kwangu wakimsifu kwamba hachukui rushwa, na mimi nikizidi kukaza nati za tairi mpaka mikono iniume. Ilipotangazwa kwamba ameteuliwa kuwa mkuu wa mkoa, mkoa wa mbali, mke wangu alipiga vigelegele kwa ajili ya mtu wa kwetu. Nilizima redio.

Kabla hajaondoka, alikuja kibandani peke yake. Akakaa juu ya tairi bovu.

"Siku ile ulinisikia," alisema.

"Nilikusikia."

"Sauti yako niliisikia pia."

"Sasa kwa nini uliandika vile?"

Aliangalia foleni ya malori. "Ningeandika ukweli, ungefungwa. Na mimi ningeulizwa kwa nini nilimwachia redio mtu niliyejua hanipendi. Nisingefika popote. Usinishukuru, Ezekia. Nilijiokoa na mimi."

Kwa miaka yote nilimwonea wivu mtu niliyedhani hana doa. Nilitegemea kufurahi kujua kwamba analo. Sikufurahi.

"Twende wote Ikinga," nikamwambia. "Kwa mama yake Daudi."

Aliinuka, akajipangusa vumbi la tairi. "Naapishwa keshokutwa. Nenda wewe. Ukimweleza, nitaje na mimi." Kisha akaingia kwenye gari.

Nilikwenda peke yangu. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, akanikaribisha kigoda. Nilimweleza yote, la redio na la taarifa, sikuficha. Mikono yake ikasimama.

"Ulimwonea wivu huyo mkubwa wenu."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye akaogopa kukosa cheo."

"Ndiyo."

"Mwanangu je? Alikuwa anataka nini?"

"Hakutaka kitu, mama. Aliniuliza tu amri inasemaje."

"Sasa aliingiaje katikati yenu?"

Aliinuka, akaingia ndani, akarudishia mlango. Nilikaa pale uani mpaka jua likakaribia kuzama. Hakutoka, na mimi sikubisha hodi.

Obeid anaongoza mkoa wake, na watu wanasema anauongoza vizuri. Nikisikia jina lake, roho bado inaniuma. Sitadanganya kwamba nimepona. Lakini siku hizi kila ninapomhesabia vyeo vyake namkumbuka Daudi, ambaye hakuwahi kupata hata kimoja, na naacha kuhesabu.