Asilimia Thelathini

Nakala ya ile fomu ya tamko la mzigo ninayo bado. Nimehama nayo mara nne tangu nitoke Tabora mjini, na mikunjo yake imeanza kutoboka. Sasa iko Usinge, chini ya godoro, nami navuna tumbaku ya watu. Mwandiko ni mzuri. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwandiko sikuuacha.

Wakati ule nilikuwa Kanyenye, kwa mzee mmoja fundi bati. Baba yake alitengeneza vibatari. Yeye alitengeneza taa za sola, mwili wa bati, ndani betri ya lithiamu. Nilimwendea nimuulize tu zinavyofanya kazi, nikakaa mwaka mzima. Ndipo binamu yake aliyeko Maskati akaagiza taa sitini za kujaribu soko, zipelekwe kwa ndege.

Wakala wa mizigo wa Dar akatuma masharti. Ripoti ya majaribio kutoka kiwanda cha betri. Lebo ya mzigo hatari nje ya kila boksi. Swichi zifungwe, taa isije ikawaka njiani. Na chaji isizidi asilimia thelathini, maana betri iliyojaa ikipata joto au ikigongwa inaweza kushika moto, na moto wake hauzimiki kirahisi.

"Hayo makaratasi ni yako," mzee aliniambia. "Wewe ndiye profesa wa humu ndani."

Nilipunguza chaji taa moja moja, nikapima kwa mita, nikasaini tamko. Mzee nilimwambia tu kwamba chaji inatakiwa iwe ndogo. Kwa nini, sikumwambia. Nilipenda kuwa mtu pekee anayejua.

Kisha nikaenda Ntalikwa siku mbili kumwona dada yangu. Niliporudi nilikuta maboksi yamefungwa vizuri kwa utepe wa gundi, nikayapeleka stesheni. Treni ilipoondoka nikarudi kunywa kahawa. Mzee alikuwa anatabasamu peke yake.

"Nimekusitiri, bwana. Ulitaka kunitia aibu Maskati."

"Aibu gani, mzee?"

"Mke wangu hata bakuli la jirani halirudishi tupu, anatia japo vitumbua viwili. Halafu mimi nimpelekee binamu yangu taa zenye njaa? Ulipokwenda kwa dada yako nilizianika zote juani. Zimejaa pomoni!"

Nilitoka nje, nikampigia wakala simu. Nikamuuliza kama mzigo unaweza kupimwa tena Dar.

"Kupima nini?" akasema. "Tamko lako ninalo hapa kwenye simu, umeandika thelathini. Ni thelathini au si thelathini? Kama sivyo niambie sasa hivi, niurudishe, na huyo mzee wako nisimpokelee tena."

Kupitia mlangoni nilimwona mzee anamimina kahawa, kikombe changu kwanza.

"Ni thelathini," nikasema.

"Basi. Inapanda ndege ya abiria Jumatano."

Babu wa babu yangu alibeba pembe kwenda pwani kwa njia ambayo reli inaifuata sasa. Nyumbani walisimulia kwamba mpagazi aliunyanyua mzigo kwanza, akausikia begani, ndipo akaukubali. Jumatano ile nilishinda nimekaa kwenye kibanda cha bati, nikiwawaza watu wanaofunga mikanda juu ya mzigo ambao hawakuunyanyua. Nilikuwa naona nyuso zao. Bado naziona, wala hazibadiliki.

Ijumaa picha zikaja kwenye simu ya mzee. Akainuka kwa furaha.

"Zimefika zinawaka! Si nilikwambia?"

Niliivuta picha ya maboksi ikawa kubwa. Pembeni mwa boksi moja karatasi ilikuwa ya kahawia, halafu nyeusi, halafu tundu kama sarafu. Moto ulikuwa umeanza, ukazimika wenyewe. Nikamwonyesha, nikamweleza yote, hata simu niliyopiga.

Aliitazama ile picha mpaka kioo kikazimika.

"Ndani ya ndege walikuwa watu wangapi?"

"Sijui, mzee."

"Wewe unayejua kila kitu."

Hakunifukuza. Binamu yake alipoagiza taa nyingine, alimjibu kwamba macho yamechoka. Akarudi kwenye ndoo na makarai. Nikaona siwezi kuusikia ule mlio wa nyundo kila asubuhi, nikaondoka.

Huku Usinge ndege hupita juu sana, mara chache. Ikipita naacha jani la tumbaku mkononi, nasimama mpaka sauti iishe kabisa. Wenzangu wanadhani natamani safari.

Idi iliyopita nilimpigia mzee simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nilisikia nyundo inawekwa chini. "Umeshajua walikuwa wangapi?"

"Bado, mzee."

"Haya," akasema, na nyundo ikaanza tena.