Siku ya Ciakuthii Mtoni

Ungemuuliza mama mdogo Ciakuthii kama atakunywa chai au uji, angekujibu, "Wewe sema." Ungemuuliza auze mbuzi mweupe au mweusi, jibu lilikuwa hilo hilo. Siku binti yake Wanja alipoletewa posa na watu wa Gachoka, wazee walikaa tangu asubuhi wakimngojea mama mtu atoe neno, na yeye akamgeukia mama yangu, Teresia, dada yake mkubwa, akasema, "Dada, sema wewe." Watu wa Ishiara walimsifu kwa hilo. Mwanamke mnyenyekevu, walisema, hana makuu. Mimi ilikuwa ikiniudhi. Siku moja, nikiwa mwalimu mchanga mwenye kujua kila kitu, nilimwambia usoni kwamba mtu asiye na neno lake ni kama kiti, kila mtu humkalia. Hakukasirika. Alinimegea muhogo, akaanza kunieleza habari za mtumbwi.

Mumewe, Riungu, alikuwa mvushaji katika Thagana, mto ambao ramani za shule zinauita Tana, kule chini ya Ishiara ambako ng'ambo ni Ukambani. Ujanani alipakua mizigo kwenye gati la Kisumu, na huko aliwaona watu wa ziwani wakisafiri kwa matanga. Aliporudi nyumbani alichonga mtumbwi wa mkuyu, akausimamishia mlingoti, akamwomba mkewe amshonee tanga la amerikani. Kijiji kizima kilicheka. Tanga la nini, na mto wenyewe unavukwa kwa upondo kabla hujamaliza kutafuna pingili ya muwa?

Lakini Riungu alikuwa amelichunguza jambo moja. Kati ya maporomoko ya juu na yale ya chini mto umelala, mpana, mtulivu, na kila alasiri upepo hupanda kutoka upande wa bahari, kinyume cha maji. Ukitweka tanga, upepo unakupandisha polepole bila jasho. Ukichoka unalishusha, na maji yanakurudisha nyumbani. "Siku moja nitakutembeza," alimwambia Ciakuthii siku alipomaliza kushona. "Wewe na mimi tu. Bila mzigo, bila mbuzi wa mtu."

Siku moja hiyo haikufika. Kila siku palikuwa na mtu ukingoni akiita, na Riungu hakujua kumwacha mtu akiita. Alivusha wachuuzi wa tumbaku, maharusi, wagonjwa, mbuzi wa mahari waliokuwa wakimkojolea miguuni. Wake wa watu wote walipanda mtumbwi ule isipokuwa mke wa mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na mama mdogo alikuwa akichekea hilo kisimani, ingawa moyoni, alivyoniambia, lilimuuma kidogo.

Ndipo ikaja Hali ya Hatari. Mwanzoni ilikuwa mambo ya huko juu, kwenye misitu ya mlima, na sisi wa nchi ya joto tuliisikia kama mvua ya kijiji kingine. Kisha ikateremka. Wakaja askari, vikaja vipande, vibali vya kutembelea, na siku moja kwenye baraza watu wakaambiwa kwamba wapiganaji wa msituni wanavuka Thagana kwenda kujificha Ukambani. Kuanzia hapo kuvusha watu ni marufuku. Na kila mtumbwi uletwe kambini Jumatatu, ukapasuliwe kuni.

Riungu alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda mpaka chakula kikapoa. Halafu akasema, "Mama Wanja, kesho twende ile safari yetu."

"Si wamekataza?"

"Wamekataza kuvusha. Mimi sivushi mtu, mimi natembeza bibi yangu. Tunapanda na upande huu, tunashuka na upande huu. Sheria iko wapi hapo?"

Alfajiri walimleta Wanja kwa mama yangu. Mama alipouliza wanakwenda wapi, Ciakuthii aliona haya hata akainamisha uso. Mtu mzima anakwendaje mtoni bila mtungi, bila kuni, bila mgonjwa wa kutazama? Kutembea kwa ajili ya kutembea tu kulikuwa mambo ya wazungu na wendawazimu. Kwa hiyo akabeba kiondo kikubwa, kilichoonekana kitupu, ili atakayekutana naye njiani adhani anakwenda kununua mtama. Ndani ya kiondo, chini kabisa, alificha kibuyu cha uji wa mawele na mbaazi za kuchemsha.

Sijawahi kumsikia mama mdogo akieleza kitu kwa furaha kama alivyoieleza siku ile. Walianza kabla ya upepo, kwa upondo, taratibu, wakisimama kila palipowapendeza. Riungu alikuwa amesimama nyuma akiongoza, yeye ameketi mbele akimwelekea mumewe, miguu ameinyoosha. Alisema hakuwahi kuinyoosha miguu yake mchana tangu aolewe. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika mtoto wao wa kiume, na tangu siku hiyo nyumba yao ilikuwa na ukimya kama mtu wa tatu. Mtoni ukimya ule haukupanda nao. Riungu akavua kofia yake kuukuu ya Kisumu, akamvika.

"Leo nahodha ni wewe," alimwambia. "Mimi ni baharia tu. Mpaka jua lizame, utakalosema ndilo nitafanya."

"Hata nikisema upuuzi?"

"Huo ndio nitafanya haraka."

Akamjaribu. Akamwambia aimbe, akaimba, vibaya. Akamwambia azunguke kichaka cha matete bila sababu, akazunguka. Akamwambia awasalimie viboko waliolala kwenye kona, na Riungu akavua shati lake, akawapungia, akawauliza habari za wake zao. Mama mdogo alicheka hata uji ukamwagika. Alasiri upepo ulipokuja walitweka tanga, likajaa, na mtumbwi ukaanza kupanda mto wenyewe kama punda anayejua nyumbani. Alitaka wafike chini ya maporomoko ya juu, kwa sababu Riungu alikuwa amemwambia kwamba pale maji hutoa upinde wa mvua hata mvua isiponyesha. Hakutaka kitu kingine duniani siku ile.

Sauti ilitoka ukingoni, upande wao, nyuma ya nyasi ndefu. "Gichiaro! Enyi wa gichiaro!"

Hapo sina budi kueleza. Ukoo wa Riungu na koo fulani za Tharaka wana gichiaro, udugu wa kiapo walioachiwa na mababu. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Akitaka mbuzi wako, mpe. Akitaka kitanda chako, lala chini. Ukimnyima, hana haja ya kukulaani. Laana hujileta yenyewe, na watu husema huanza na watoto.

Ciakuthii aligeuka, akaona kichwa cha mtu, fimbo na blanketi. Mtu akajitaja: Muthamia, wa ukoo fulani, mama mkwe wake amezidiwa huko ng'ambo, wamvushe kwa jina la gichiaro. Mama mdogo akamgeukia mumewe. Riungu alimtazama yule mtu kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Leo sibebi mtu!" alijibu kwa sauti. "Tafuta kivuko kingine!"

Miaka yote mama mdogo alikuwa amemsubiri mume huyu aseme maneno hayo. Siku moja tu, amwache mtu akiita, kwa ajili yake. Na aliyasema. Lakini aliyasema kwa mtu wa gichiaro, na kaburi la mtoto wao lilikuwa bado halijaota nyasi. Akamwazia Wanja, aliyeachwa kwa mama yangu.

"Baba Wanja, mchukue."

"Tuendelee tu. Upepo utaisha."

"Ni gichiaro! Wewe unataka tuzike mwingine?" Kisha akasema lile neno ambalo alilijutia mpaka akafa. "Nani ndio nahodha leo? Si ulisema ni mimi? Mchukue."

Riungu alimwangalia, akaangalia ukingo, akamwangalia tena. Akatabasamu.

"Sawa, nahodha."

Alishusha tanga. Akausogeza mtumbwi kwenye ufuko wa mchanga, akamwambia ateremke pale na tanga na kiondo, angoje. Yeye akadhani ni kwa sababu ya nafasi. Akakaa juu ya tanga lililokunjwa, na kofia kichwani, akatazama mumewe akimpakia yule mtu na kuvuka. Walipogusa ng'ambo, Muthamia aliruka chini akapiga mluzi, na askari wawili wakatoka vichakani. Hakusikia walichosema. Aliona Riungu akikaa chini na kuweka mikono kichwani, akaona wakimwinua. Mtumbwi ulichomwa hapo hapo, hawakungoja hata Jumatatu.

Muthamia alikuwa mtu wa gichiaro kweli, hilo watu walilichunguza. Alikuwa amepewa kazi ya kuwapima wavushaji, nani atatii na nani hatatii, na jina la mababu ndilo alilofanya chambo. Wazee wakasema mngojeni, laana itamwona. Tukamngojea apooze mkono, tukamngojea mbuzi wake wafe. Akafungua duka Ishiara, akanenepa, watoto wake wakasoma kuliko wetu. Mimi nimenunua sukari kwake mara nyingi, na kila mara niliitazama mikono yake. Ilikuwa mizima.

Riungu alikwenda kambi moja baada ya nyingine. Yeye aliyependa maji akapelekwa kuchimba mifereji kwenye tambarare za mpunga, maji hadi magotini, jua utosini. Mama mdogo alikwenda Embu kwa miguu na chakula, akarudishwa nacho. Watu husema majuto ni mjukuu. Ya kwake yalikuwa mtoto wa kwanza, alilala nayo na kuamka nayo. Lakini ndani yake mlikuwa na kipande kitamu ambacho alikificha kama zile mbaazi chini ya kiondo. Alimwambia mama yangu tena na tena: "Teresia, alitaka kukataa kwa ajili yangu. Aliniweka mimi mbele ya gichiaro. Ni mimi nilimkatalia."

Riungu alirudi Hali ya Hatari ilipokuwa ikielekea kwisha, mwembamba, akikohoa kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Hakuuliza habari za mtumbwi. Ilikuwa wakati wa mavuno, na mkewe alikuwa ameanika mawele uani, juu ya tanga. Lilikuwa limechakaa, limepata rangi ya udongo. Riungu alilitambua kwa mshono.

"Hilo ni tanga letu," alisema.

Basi mama mdogo akayatoa yote aliyokuwa ameyaweka miaka ile. Alilia, akaomba msamaha. Akasema, "Ulitaka tubaki wawili, tufike kwenye maporomoko, mimi nikakutuma kwa yule mtu."

Riungu alichota mawele mkononi, akayamimina tena. "Si hivyo, Mama Wanja. Mimi niliona viatu."

"Viatu gani?"

"Wewe ulikuwa umekaa chini, hungeona. Mimi nilikuwa nimesimama. Nyasi ilipepea, nikaona buti za askari miguuni mwa yule mtu. Mtu wetu siku hizo alikuwa anavaa akala za tairi, kama ana bahati. Ndio maana nilikuacha mchangani. Nilisema, wakinishika, wanishike peke yangu."

"Mbona hukuniambia? Neno moja tu, Baba Wanja. Viatu!"

"Ilikuwa siku yako," Riungu akasema. "Nilikuwa nimekuahidi mpaka jua lizame. Ulikuwa umecheka, na ulikuwa hujacheka tangu tumzike mtoto. Nikaona, nikikubishia sasa, nitakuwa nimekunyang'anya hata hii. Nikajiambia pia, labda nimeona vibaya. Buti mtu anaweza kuokota."

Kipande kile kitamu kikamtoka siku hiyo, na kilichobaki ni kizito kuliko alichokuwa amebeba. Hakuwa amemkatalia mumewe. Alikuwa ametiiwa. Tangu hapo ulimi wake ukawa mzito kila palipotakiwa neno la kuamua. Chai au uji, mbuzi mweupe au mweusi, Gachoka au kwingine, alikuwa akiona mtu anamtabasamia na kusema sawa, nahodha.

Hapo nilidhani ameshamaliza, nikaanza kumwomba radhi kwa habari ya kiti. Akanizuia kwa mkono. Hilo, alisema, si ndilo linalomkosesha usingizi.

Riungu aliishi miaka michache tu baada ya kurudi. Mwishoni kifua kilimziba, wakawa wanamlaza nje, uani, apate hewa. Alasiri moja upepo ulipanda kutoka mtoni kama kawaida yake, ukapeperusha majani ya migomba. Riungu akafumbua macho. Akautafuta mkono wa mkewe, na kwenye uso ule uliokwisha nyama mkewe akauona utani wa zamani.

"Nahodha," akasema. "Twende wapi?"

Mama mdogo alilijua jibu. Alikuwa nalo tangu siku ile ya mchangani: tupande, mpaka chini ya maporomoko, tukaone upinde wa mvua. Riungu akamwuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu mwenye muda.

"Wewe sema," akamjibu.

"Mimi si nahodha," Riungu akasema, akageuza uso wake upande ule unakotoka upepo. Hakuuliza tena, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwenda.

Mama mdogo alipangusa makombo ya muhogo mapajani mwake, akaniangalia.

"Ningemwambia tupande," alisema. "Ningepungukiwa na nini?"