Breki ya Mbele

Mume wangu husema kwamba mimi nikisalimiwa, huuliza kwanza anayenisalimu anataka nini. Hakosei. Nililelewa na nyanya ambaye alifunga mlango wa jikoni kwa kufuli hata akiwa ndani, na damu si maji. Kwa hiyo mwenzangu wa kazi alipojitolea kunifundisha kuendesha pikipiki, nilijiuliza atafaidi nini nikijua, na atafaidi nini nisipojua. Jibu la swali la pili ndilo lililokuja haraka.

Kazi yetu ni kupandisha ng'ombe. Simaanishi kwa fahali. Mafahali wamebaki wachache huku Tetu. Sisi hubeba mbegu ndani ya mtungi wenye baridi kali kuliko friji yoyote, na mkulima akipiga simu asubuhi kwamba ng'ombe wake analia na kupanda wenzake, sharti ufike kabla joto halijamwisha. Ukichelewa, unangoja majuma matatu mpaka joto lirudi, na majuma hayo yote mkulima anakutaja kwa majirani. Wakulima hutuita daktari, yeye na mimi, na sisi tukaanza kuitana hivyo kwa mzaha mpaka ukawa mazoea.

Kwa miaka mingi nilikwenda kazini kwa miguu au kwa kubebwa na watu wa boda. Kisha chama chetu cha maziwa kikanunua pikipiki mbili. Moja akapewa mwenzangu, aliyejua kuendesha tangu zamani. Nyingine nikapewa mimi, mama wa zaidi ya miaka arobaini ambaye hata baiskeli sikuwahi kuipanda, na nikapewa sharti juu yake: mvua ndefu zikianza kabla sijaweza kuiendesha, njia yangu ya Giakanja na vijiji vyake itakwenda kwa yule mwenzangu. Na nani aliinua mkono mkutanoni akasema atanifundisha? Yeye huyo huyo. Nilipouliza kama hakuna mtu mwingine, walicheka wakidhani naona haya.

Alikuwa mwanamume mtulivu, mzee wa kanisa, mwenye koti zito la kijani na gambuti, na sauti ileile ya kubembeleza ng'ombe aliitumia kwa watu. Kuendesha alikuwa amejifunzia Timau alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano, ambako barabara imenyooka na gari unaliona likija, ukamaliza chai kabla halijafika. Mimi nilisikia hayo nikawaza: huku kwetu ni kupanda na kushuka tu, sasa huyu atanifundisha nini?

Mazoezi tulifanyia kwenye uwanja wa shule ya msingi, jioni, watoto wakishakwenda nyumbani. Kando ya ua palikuwa na mama mmoja jirani ambaye kila nikija alikuwa hapo anakata majani ya napia. Ng'ombe wake ni mmoja, namjua, nilimpandisha mwenyewe. Hawezi kula majani yote yale.

Siku ya kwanza, kabla hata sijawasha, daktari mwenzangu alinionyesha kishikio cha breki kilicho upande wa mkono wa kulia.

"Hii ya mkono usiguze," akasema. "Hata kidole usiweke. Hii ni ya tairi ya mbele, inarusha mtu. Wewe tumia ya mguu tu."

"Sasa iko hapo ya nini?"

"Imewekwa na watu wa kiwanda. Hao hawajui Nyeri."

Niliogopa. Niliogopa mngurumo, niliogopa joto la injini karibu na goti, na zaidi ya yote niliogopa ile klachi, kwa sababu ukiiachilia kwa haraka pikipiki hurusha kichwa kama ndama aliyefunguliwa. Yeye alishika keriya ya nyuma akikimbia nami, na mimi nilikuwa nikigeuka kutazama kama kweli ameshika. Nikimwona ameshika, nashuku kwamba ananivuta nyuma nisiende. Nikimwona ameachilia, nashuku kwamba anataka nianguke.

Mgala muue na haki yake mpe: hakunifokea hata mara moja. Na siku niliyozunguka uwanja mzima bila mguu kugusa chini, nilipiga vigelegele ndani ya kofia ngumu mpaka masikio yangu mwenyewe yakaniuma. Nilifurahi jinsi ambavyo sikuwa nimefurahi tangu nizae. Yule mama wa napia naye akapiga vigelegele kutoka kwenye ua, na kwa dakika moja sikumshuku.

Lakini majuma yalikwenda na sisi tuko uwanjani. Kukata kulia, kukata kushoto, kusimama, kuwasha. Nikimwomba tutoke barabarani, alijibu kwamba mwenda pole hajikwai. Ukungu ulianza kukaa mlimani mpaka karibu na saa sita mchana, na mtu yeyote wa huku anajua maana yake. Mvua haikuwa mbali. Ikinyesha, njia yangu imekwenda, na mimi nitarudi kuwa mama wa nyumbani mwenye cheti ukutani.

Jioni moja mwenzangu alipokuwa hajafika, mama wa napia alinisogelea kwenye ua.

"Daktari, ati unaachana na sisi?"

"Nani amesema?"

"Yule mwingine alikuja kwangu. Akasema hii mlima ya kwenda mtoni si ya mama."

Niliukaza mkanda wa kofia kuliko ilivyohitajika. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na cha kwangu kimevaa gambuti.

Haukupita muda, mwenzangu akaenda Kerugoya kwa shughuli ya mahari ya mpwa wake, na asubuhi hiyo hiyo mkulima mmoja wa ng'ambo ya mto akanipigia simu. Ng'ombe wake alikuwa amelia usiku kucha. Watu wa boda walikuwa wote kwenye mazishi, na kwa miguu nisingewahi. Nilikuwa na leseni ya mwanafunzi tu, sikupaswa kutoka peke yangu, na najua hilo. Nilifunga mtungi kwenye keriya kwa mpira, nikaangalia fundo, nikaliangalia tena, nikatoka.

Barabara ya juu ilinikubali. Nilipita duka, nikapita kanisa, watu wakageuka, na mimi nikatazama mbele kama mtu aliyezaliwa juu ya pikipiki. Kisha ukaja ule mteremko wa kwenda mtoni, wa udongo mwekundu. Nilikanyaga breki ya mguu, pikipiki ikapunguza kidogo tu. Nikakanyaga kwa nguvu, na tairi la nyuma likafunga, likaanza kuteleza kwenda kando. Hapo mkono wangu haukukumbuka katazo la mtu yeyote. Ulishika breki ya mbele.

Kile kishikio kilikuja chote mpaka kwenye mpira wa usukani, laini, bila uzito wowote. Hakikuwa kimeshika kitu.

Niliachilia mguu, nikarudisha gia ya kwanza, injini ikalia kwa hasira, nikaelekeza tairi kwenye ukingo wa shamba la mtu. Napia ilinipokea. Niliinuka na goti lililochubuka na mdomo uliojaa majani, na kitu cha kwanza nilichoangalia ni mtungi. Ulikuwa mzima. Cha pili ni ile breki. Waya wake ulikuwa umefunguliwa kule chini kwenye gurudumu, na ncha yake ikafungwa vizuri kwa kipande cha mpira wa tyubu, isiwe inaning'inia. Si kitu kilicholegea chenyewe. Mtu alikaa chini, akatumia spana na mikono yake miwili.

Nilikaa pale ukingoni nikiwaza sala za mwenzangu, utaratibu wake, sauti yake ya maziwa ya uvuguvugu. Halafu nikainua pikipiki, nikashuka kwa gia ya kwanza huku nimeteremsha miguu yote miwili, nikampandisha yule ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hana habari na mambo ya watu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa pikipiki pale sokoni, mtu mzima mwenye vijukuu. Nilimwonyesha ule waya nikamwuliza ni kazi ya nani. Aliutazama kama mtu aliyeonyeshwa kifungo cha shati.

"Hiyo imefunguliwa tu, mama. Zote huwa tunafungua."

Sikumwamini. Nilidhani wamepatana. Nikaenda mwenyewe kwenye stendi ya boda, watu walikuwa wamesharudi kutoka mazishini, nikaanza kubinya kishikio cha pikipiki moja baada ya nyingine huku wenyewe wakinitazama. Laini. Laini. Laini. Nikabinya ya katekista. Laini. Mji mzima ulikuwa ukishuka milima kwa mguu mmoja.

Aliporudi kutoka Kerugoya sikumsalimu. Nilimwongoza mpaka kwenye pikipiki.

"Nani alifungua hii?"

Uso wake ukang'aa. "Ni mimi. Hata kabla hujaiona. Nilifikiria, huyu mama ni muoga, akishtuka atashika zote, na hiyo ya mbele itamrusha. Nikakutolea. Hata yangu nimetoa."

"Na hukuniambia!"

"Si nilikuambia usiguze?"

"Na ile ya mlima kwamba si ya mama?"

Alitazama gambuti zake. "Nilisema. Hiyo mlima si ya mama, na si ya baba. Mimi huwa nateremka nikiomba. Ndio maana sikutaka kukupeleka."

Nilisimama pale nikiwa na hasira na sina pa kuiweka. Alikuwa ameniondolea breki kwa wema. Nilikuwa nimejiandaa kwa adui, na adui ningemuweza.

Fundi alikataa kuufunga ule waya. Alisema nikifa watamlaumu yeye. Nilimwambia nisipokufa nitamletea maziwa, akaufunga huku akitikisa kichwa. Nikarudi uwanjani peke yangu. Sikuiamini ile breki, wala sikuwaamini walioikataza, basi nikaanza polepole: kidole kimoja, mwendo wa mtu anayetembea. Kisha viwili. Nikagundua kwamba ukiinyakua, kweli inakurusha. Lakini ukiibinya kama unavyokamua chuchu ya ng'ombe mwenye kidonda, pamoja na ile ya mguu, pikipiki hukaa chini na kutulia. Nilijaribu kwenye nyasi, nikajaribu kwenye udongo, nikajaribu kwenye tope la bomba la shule. Kila jaribio lilinitoa woga kidogo, mpaka jioni moja nikajikuta nashuka ule mteremko wa mtoni nikiwa nimeketi wima. Mtihani wa leseni niliupita mjini Nyeri. Mvua ilipokuja ilinikuta barabarani, na njia ya Giakanja ikabaki yangu.

Siku ya mvua ya kwanza tulikutana na mwenzangu pale juu ya mteremko, yeye akielekea kwa mkulima wake, mimi natoka kwa wangu. Udongo ulikuwa umeshaanza kung'aa. Nilizima injini.

"Daktari, rudisha ule waya wa breki yako ya mbele. Fundi yuko. Nitakuonyesha mwenyewe vile inatumika, ni rahisi."

Nikaona macho yake yakiwa membamba, yakihesabu. Kwa mara ya kwanza sauti ile ya kubembeleza haikuwepo.

"Wewe umebaki na njia yako," akasema. "Sasa unanitakia nini, nirushwe ndio uchukue na yangu?"

Nilifungua mdomo nimwapie, lakini kila kiapo nilichokifikiria kilikuwa kile ambacho mimi mwenyewe nisingekiamini. Akavuta kofia, akaanza kushuka, mguu mmoja kwenye breki na midomo ikisali, na mimi nikabaki pale mvuani nikisikiliza injini yake mpaka niliposikia imeanza kupanda ng'ambo ya mto.